Korongo: neno linalomtaja aliyechimba

Swali limetoka kwa mwalimu wa Kiswahili aliyeko Voi, Kenya. Amepewa kijitabu cha wakulima kuhusu hifadhi ya udongo akitafsiri, na amekwama kwenye neno moja. Ameandika hivi: "Shikamoo mzee. Katika maandishi ya Tanzania nakuta 'korongo limekula shamba', 'gari limetumbukia korongoni', 'mmomonyoko wa makorongo'. Mimi korongo namjua kuwa ni ndege, yule mwenye miguu mirefu. Kwenye rasimu yangu nimeandika 'mifereji'. Mwenzangu mmoja anasema niandike 'mabonde', mwingine 'mitaro'. Korongo hasa ni nini, na nilitumie wapi?"

Marahaba, mwalimu. Umeuliza jambo ninaloishi nalo. Nimekuwa bwana shamba mikoa ya kati ya Tanzania kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kusimama kwenye mdomo wa korongo nikimsikiliza mwenye shamba akinionyesha kwa kidole mahali ambapo mwaka jana palikuwa na mtama.

Korongo ni njia iliyochimbwa ardhini na maji yanayokimbia, yenye kingo zilizosimama kama kuta, na mara nyingi ni kavu mpaka mvua inyeshe. Jambo la kushika hapo ni mchimbaji. Bonde waweza kulitaja bila kujali lilitokeaje. Shimo laweza kuchimbwa na mtu, fisi au gurudumu la lori. Ukisema korongo, umeshasema kwamba maji yalipita hapa, yalikuwa na kasi, na yalichukua udongo yakaenda nao. Ndiyo maana neno hili halibadilishwi ovyo na majirani zake.

Nikupe tukio. Kijiji kimoja nilichokuwa nikihudumia kiliandika barua kuomba barabara yake itengenezwe. Wazee walipokuwa wakieleza shida yao walisema "makorongo". Aliyeandika barua alikuwa kijana aliyesoma, akaona hilo ni neno la kijijini, akaandika "mashimo". Ofisi iliyopokea barua ilifanya kile ambacho mashimo hufanyiwa: yalikuja malori ya kifusi, vibarua wakafukia na kushindilia, kazi ikapokelewa. Kifuku kilipoingia mvua ikanyesha usiku mmoja. Asubuhi tulikuta kifusi chote kimelala bondeni juu ya mtama wa mama mmoja, na pale barabarani palipokuwa na kina cha goti sasa pana kina cha kiuno. Shimo hufukiwa likaisha. Korongo ukilifukia bila kuyaonyesha maji njia nyingine, umeyapa maji udongo laini wa kubeba. Neno la wazee lilikuwa limebeba dawa ndani yake, na lilipobadilishwa dawa nayo ikapotea.

Sasa tuje kwenye maneno uliyopendekezewa.

Bonde ni kubwa na ni pole. Ni ardhi iliyoinama kati ya miinuko miwili, na mtu hulima humo, hujenga humo, huzaliwa na kuzeekea humo. Tunasema Bonde la Ufa, na hilo halikuchimbwa na maji, lilitokana na ganda la dunia kupasuka na kushuka. Dar es Salaam neno limechukua uchungu wake: "wakazi wa mabondeni" ni wale waliojenga kandokando ya Msimbazi na mito mingine ya jiji, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi yao walihamishiwa Mabwepande. Hata hapo, kinachosemwa ni mahali pa kuishi. Hakuna anayesema "wakazi wa makorongoni" akimaanisha mtaa mzima ulio tambarare kando ya mto. Korongo halikaliwi ndani yake, halikaliwi kwa sababu ndani yake pana nafasi ya maji tu.

Ukitaka ushahidi kwamba wasemaji wenyewe hawayachanganyi maneno haya mawili, nenda Moshi. Manispaa ile ina kata iitwayo Bondeni na kata nyingine iitwayo Korongoni. Mji mmoja, watu wale wale, na wameona haja ya kutumia maneno yote mawili kwa sehemu mbili. Iringa mjini nako kuna kata ya Makorongoni. Majina ya mahali ni kamusi nzuri sana, kwa sababu hayakuandikwa na mtu aliyekaa mezani.

Mfereji ndilo neno lililonitia hofu katika rasimu yako. Bara kwetu, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa na watu: mfereji wa kumwagilia mpunga, mfereji wa kupitisha maji shambani. Lakini wewe uko Voi, na wasomaji wako wengi, kama watu wa Mombasa na wa Zanzibar, wakisikia mfereji wanafikiria bomba, lile la kufungua na kufunga. Ukiandika "ziba mifereji iliyo shambani mwako", mkulima wa Mwatate atasema yeye hana mfereji hata mmoja shambani, anachota maji mtoni. Na huyo wa bara atakayekielewa kama njia ya kumwagilia atajiuliza kwa nini serikali inamwambia azibe kitu kinachomlisha.

Wachagga wana mifongo, mifereji ya asili iliyochimbwa kwa mikono tangu enzi za mababu, inayoyatoa maji juu mlimani na kuyapeleka migombani. Mtu anaweza kusimama mahali pamoja Kilimanjaro akaona mfongo na korongo kwa pamoja, na tofauti ikamwingia machoni kabla ya kuingia akilini. Mfongo unakwenda mshazari, ukizunguka mwinuko taratibu, kwa sababu aliyeuchimba alitaka maji yatembee. Korongo linateremka moja kwa moja kufuata mteremko ulivyo mkali, kwa sababu maji yakiachiwa yachague yenyewe hukimbia. Kila nikimfundisha kijana mpya wa ugani huanza na picha hiyo.

Mtaro uko karibu na mfereji, ila huo kazi yake ni kuondoa maji: mtaro wa barabara, mtaro wa maji machafu mjini. Nao umechimbwa na watu. Hapa kuna jambo la kuangalia, kwa sababu mtaro unaweza kugeuka korongo. Mkandarasi akichimba mtaro wa barabara kwenye mteremko, akauacha bila mawe wala saruji, na mwisho wake akaumwaga tu shambani mwa mtu, baada ya vifuku viwili vitatu utaona kingo zimebomoka, sakafu imeshuka, na watu wenyewe wameacha kusema mtaro. Hakuna aliyewatangazia kubadilisha neno. Wamebadilisha kwa sababu mchimbaji amebadilika: kazi iliyoanzwa na jembe sasa inaendelezwa na maji. Makorongo mengi niliyowahi kuyaona yalianzia kwenye mdomo wa kalavati.

Genge nalo wapo wanaolitumia. Genge ni ule ukuta wenyewe wa mwamba au udongo, mahali ardhi inapokatika ghafla. Kwa hiyo korongo linaweza kuwa na magenge pande zake, lakini genge peke yake si njia ya maji. Na siku hizi mjini ukisema "naenda gengeni" watu wanajua unakwenda kununua nyanya na vitunguu, kwa hiyo lina mzigo mwingine wa kubeba.

Kuhusu ndege, hujakosea hata kidogo. Korongo ni yule ndege mrefu anayetembea kwenye majani na majini akiokota panzi na vyura. Tena kuna wa tatu: korongo ni jina la mnyama pia, swala mkubwa mwenye uso wa mabaka meusi na meupe na pembe zilizopinda kwenda nyuma, jamaa wa palahala. Maneno matatu, sauti moja. Kiswahili hakikutuacha gizani, kimetupa upatanisho wa kisarufi, na kwa mwalimu kama wewe hili ni somo zuri la darasani. Sema "korongo huyu ametua", ni ndege. Sema "korongo hili limetitia", ni ardhi. "Makorongo wale wanaruka" na "makorongo yale yanapanuka" hayawezi kugongana hata kwa mtoto wa darasa la nne. Kwa sababu hiyo usiogope kulitumia kwenye kijitabu. Msomaji aliyezoea ndege ataguswa na "li" na "ya" na kuelekezwa ardhini mara moja, hasa kama sentensi yako ya kwanza ina maji ndani yake.

Msamiati unaotembea na neno ndio utakaokufaa zaidi kuliko maana ya kamusi. Maji huchimba korongo. Korongo hukata barabara, na hapo magari hulala. Korongo hula shamba, na kitenzi hicho "kula" hakijatiwa chumvi, kwa sababu kila mwaka linamega kipande. Korongo hupanuka na hurefuka. Korongo hujaa. Mtu au gari hutumbukia korongoni. Watoto huzuiwa wasichezee korongoni. Wataalamu wa ardhi husema kutibu korongo, na mimi napenda hivyo, kwa sababu "kuziba" ndiko kulikoleta malori ya kifusi. Barabara "yenye mashimo" ni ile ya kukwepakwepa. Barabara "yenye makorongo" ni ile iliyochanwa kwa urefu na maji, gurudumu likishaingia linakwenda nalo mpaka mwisho.

Kijitabu chako kinahusu mmomonyoko, kwa hiyo lazima pia ujue korongo linaanzia wapi, maana chini yake kuna maneno madogo. Tone la mvua likipiga udongo ulio uchi hurusha chembe. Maji yakijikusanya huteleza kama shuka nyembamba juu ya ardhi na kuondoka na udongo wa juu, na mkulima haoni kitu isipokuwa mawe yanayozidi kuchomoza mwaka hadi mwaka. Kisha maji hukutana, yanachora michirizi. Mchirizi ni mwembamba na haujakomaa: ukipita na jembe au plau msimu unaofuata unafutika. Hiyo ndiyo kanuni tunayoitumia shambani kutofautisha. Njia ya maji inayofutika kwa kulima ni mchirizi. Ambayo jembe haliifuti tena, ambayo ng'ombe wa plau wanakataa kuivuka, hilo ni korongo. Usitafute idadi ya sentimita, tafuta jembe.

Wengi hudhani korongo hukua kwa kwenda chini ya mlima, kama mto. Hukua kwa kupanda. Nilijifunza hili kwa macho mwaka wangu wa kwanza kazini. Mzee mmoja alinipeleka kwenye kichwa cha korongo, yaani pale juu linapoanzia, akanionyesha vijiti vya mkaratusi alivyokuwa amevipigilia kila hatua mbili kuelekea nyumbani kwake. Vilikuwa saba. Alivipigilia kiangazi. Nilirudi mwishoni mwa kifuku, vilikuwa vitatu. Tulishuka ndani nikaona sababu. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ukingo kama maporomoko madogo, yakipiga chini na kurudi nyuma kufukua ukuta kwa ndani, mpaka ukingo wa juu unabaki unaning'inia kama paa lisilo na nguzo. Mizizi ya mti iliyobaki ilikuwa ikining'inia hewani, bado na udongo mwekundu kwenye vinyweleo vyake. Tukiwa pale kipande kikubwa kama gunia la mahindi kikaanguka taratibu, bila kishindo kikubwa, "tupu!", na vumbi likatulia. Mzee hakusema kitu, aliangalia nyumba yake tu. Ilikuwa hatua ishirini na kitu kutoka pale.

Kwa hiyo mkulima anayejaza mawe chini kabisa ya korongo wakati kichwa kinapanda anajichosha. Kazi huanza juu, nje ya korongo lenyewe: kuyakamata maji kabla hayajafika kwenye kichwa, kwa makinga maji yanayofuata usawa wa ardhi. Wasomaji wako wana bahati, kwa sababu "fanya juu", yaani kinga maji ambalo udongo wake hutupwa upande wa juu, ni msamiati wa mashambani Kenya, Machakos na kwingineko, na hakuna haja ya kuutafutia tafsiri. Maji yakishapungua ndipo unaingia ndani na kujenga vizuizi vya mawe au vya matawi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa kimeachwa chini kidogo katikati ili maji yapite hapo na si pembeni. Urefu wa kizuizi cha chini ufikie usawa wa mguu wa kile cha juu yake. Nyuma ya kila kizuizi tope hujikusanya, sakafu hupanda, na hapo unapanda matete, mkonge au majani yenye mizizi mirefu. Ukikosea hilo la katikati, yaani ukajenga kizuizi kilicho sawa juu au kilichoinuka katikati, maji yatazunguka pembeni na umeongeza korongo la pili kando ya la kwanza. Nimeona hivyo mara nyingi mno.

Tanzania neno hili lilipata uzito wa kitaifa Kondoa, mkoani Dodoma. Vilima vya Irangi vilikuwa vimeliwa vibaya, makorongo yenye kina kuliko nyumba, mchanga umeshuka na kufunika mashamba ya chini na kuifanya mito kuwa barabara pana za mchanga. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu aliuita HADO, kwa msaada wa Uswidi. Walichimba makinga maji, wakapanda miti, wakajenga vizuizi. Haikutosha. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondolewe katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yalirudi, miti ikarudi, na makorongo mengi yakaanza kutulia, kuta zake zikalala na kuota vichaka. Ilikuwa ardhi iliyopona, na mtu yeyote aliyeiona kabla na baada hawezi kulikana hilo. Lakini waliolipa ni wafugaji walioamka na zizi tupu, waliotembeza ng'ombe wao mbali au kuwauza kwa bei ya kutupa, na hilo nalo lazima lisemwe kila tunapowasifu wataalamu wa wakati ule. Baadaye ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani waliruhusiwa. Ukizungumza na Warangi, wenyeji wa Kondoa, wa umri fulani, "korongo" kwao halina maana ya sura ya nchi peke yake. Ni neno la siku ng'ombe walipoondoka.

Na je, korongo lazima liwe la shambani, la kuvukwa kwa ubao? Hapana. Ukubwa haumo katika maana. Lile eneo maarufu duniani lililo katika Hifadhi ya Ngorongoro, Olduvai, magazeti hupenda kuliita "Bonde la Olduvai". Mimi naliita Korongo la Olduvai na nitaendelea hivyo. Lina urefu wa karibu kilomita 48 na kuta zinazofika mita 90 hivi, na limechimbwa na maji yanayotoka upande wa maziwa Ndutu na Masek yakielekea kwenye mbuga ya Olbalbal. Jina lenyewe limetokana na oldupai, neno la Kimaasai la mmea unaofanana na mkonge unaoota kwa wingi pale, na ndiyo maana siku hizi wengi huandika Oldupai.

Ukiliita bonde unapoteza maelezo ya kwa nini palikuwa na cha kugunduliwa. Zamani sana pale palikuwa na ziwa, na matope na majivu ya volkano yalitandazwa tabaka juu ya tabaka kwa muda usiohesabika. Kisha maji yakaja yakakata katikati ya matabaka hayo kutoka juu mpaka chini. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliona mfupa ukichomoza kwenye mteremko ulioliwa, na ukawa fuvu la kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 1.75 iliyopita, lililojulikana kama Zinjanthropus. Korongo ndilo lililofungua kitabu. Yale yale maji ninayopigana nayo Dodoma yalifanya Ngorongoro kazi ambayo hakuna mtu angeweza kuifanya kwa sururu. Nikiwa kwenye ukingo ule na wanafunzi, huwaambia watazame kuta kwanza kabla ya kuuliza habari za fuvu.

Bado kuna jambo moja kwenye maana ya neno ambalo lina uhai wa watu ndani yake: ukavu. Korongo huwa kavu siku nyingi, na ukavu huo ndio unaoua. Mvua hunyesha juu mlimani, kilomita nyingi kutoka ulipo, jua linakuwakia wewe, halafu unasikia mngurumo kama wa lori, na maji yanakuja yakiwa ukuta, yamebeba magogo. Septemba 2019 watu waliokuwa matembezini ndani ya korongo la Ol Njorowa, katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, walikumbwa na mafuriko ya ghafla namna hiyo na baadhi yao wakafariki. Aliyezoea kusema "bonde" ataona mahali pazuri pa kupumzika na kivuli. Aliyekua akiambiwa "usipite korongoni mawingu yakiwa mlimani" ataangalia juu kwanza.

Kaskazini mwa Kenya, Marsabit, Wajir, Isiolo, watu hawahitaji korongo, wana laga, neno la Kiborana la mto, na linaeleweka kwa kila aendaye huko kuwa ni mto wa mchanga usio na maji mpaka ushuke. Kama kijitabu chako kitasambazwa huko, weka laga bila wasiwasi. Waswahili walioko Oman nao husema wadi, kwa Kiarabu cha huko, na wanaijua hatari ile ile: Aprili 2024 wadi zilizofurika huko ziliwachukua watoto wa shule. Lakini kwako Kenya wadi ni eneo la diwani au chumba cha hospitali, usilichukue.

Basi nirudi kwenye rasimu yako. Ile sentensi ya "ziba mifereji iliyo shambani mwako" ningeiandika hivi: "Maji ya mvua yakianza kuchimba korongo shambani mwako, usilijaze udongo. Anza juu ya kichwa cha korongo: chimba fanya juu ili maji yasimame na kuzama ardhini, kisha ndani ya korongo jenga vizuizi vya mawe, ukiacha katikati pawe chini." Mara ya kwanza neno litakapojitokeza, liache limetanguliwa na maji na kuchimba kama nilivyofanya hapo, na hutahitaji maelezo pembeni. Kwenye sura ya michirizi tumia michirizi, na uwaeleze kuhusu jembe. Kwenye sura ya barabara, pale walipoandika maji ya kalavati, tumia mtaro mpaka uharibike, kisha ubadilishe useme korongo, ili msomaji aone mtaro ukigeuka mbele ya macho yake.

Na kabla hujapeleka kwa mchapaji, wasomee kurasa mbili wazee wa Kitaita wanaolima miinuko ya Wundanyi. Watu walioishi kwenye miteremko mikali kiasi kile lazima wana neno lao kwa ajili ya kitu hiki, na pengine wanalo moja la kikavu na jingine la chenye maji. Wakikutajia, uniandikie na mimi nilijue, pamoja na vitenzi wanavyovitumia nalo.